Pazia Likifungwa, Utaishi na Nini? Funzo la Pesa Kutoka Safari ya Cynthia Erivo Jukwaani

Wengi wetu hapa Kenya tulimjua Cynthia Erivo kupitia filamu ya Wicked. Ni yule dada wa rangi ya kijani anayepaa na fagio huku akiimba mpaka mwili unasisimka. Sehemu ya kwanza ilitoka Novemba 2024, ya pili Novemba 2025, na sehemu ya kwanza ikampa nafasi ya kuwania tuzo ya Oscar kama mwigizaji bora wa kike. Ukimwona pale, ni rahisi kudhani ameomoka ghafla.

Ukweli usemwe, si ghafla. Kabla ya Wicked, Erivo alikuwa amefanya kazi kwenye majukwaa ya London na New York tangu 2010, na baadhi ya shoo alizoigiza zilifungwa mapema kuliko ilivyopangwa. Hiyo ndiyo sehemu ya safari yake tunayotaka tuiangalie pamoja, hasa kama wewe si mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwimbaji wa harusi, MC, DJ, mpiga picha, fundi wa sauti, mwigizaji: nyote mnalipwa kwa msimu. Swali lenu ni lile lile ambalo msanii wa Broadway hujiuliza. Pazia likifungwa, utaishi na nini?

Kutoka Stockwell hadi RADA

Erivo alizaliwa tarehe 8 Januari 1987 jijini London, na wazazi wake ni Wanigeria. Alilelewa na mamake, muuguzi, kusini mwa jiji. Baada ya shule alijiunga na Chuo Kikuu cha East London kusomea saikolojia ya muziki, lakini hakumaliza kozi hiyo. Baadaye akaingia RADA, chuo cha uigizaji kilichoanzishwa 1904, ambacho kupata nafasi yake si mchezo. Alimaliza 2010.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Katika tamthilia ya muziki, mtu anaimba, anaigiza na kucheza kwa wakati mmoja, moja kwa moja mbele ya watu. Bendi iko pale pale. Ukikosea mstari hakuna kurudia. Sauti yako ndiyo mtaji wako, na koo likikauka kuna mbadala aliyefanya mazoezi ya sehemu yako, anayesubiri kuitwa. Kwa hivyo msanii wa aina hii hulipa gharama nyingi ambazo mtazamaji hazioni: mafunzo ya sauti, mazoezi ya mwili, nauli za kwenda odisheni ambazo nyingi huisha kwa "tutakupigia."

Shoo zilizofungwa mapema

Mwaka 2011 Erivo alipata nafasi katika The Umbrellas of Cherbourg, ukumbi wa Gielgud, West End. Kwa msanii wa London, kufika West End ni kama mwanasoka wetu kuitwa timu ya taifa. Onyesho lilifunguliwa Machi. Mei likafungwa, ingawa mpango ulikuwa liendelee kwa miezi kadhaa zaidi.

Hakukaa sana bila kazi. Alichukua nafasi ya mhusika mkuu, Deloris, katika ziara ya Sister Act iliyozunguka miji ya Uingereza mwaka 2011 na 2012. Ziara haina sifa kama West End, lakini ni kazi ya kudumu kwa muda, na inamfunza mtu kuimba vizuri hata akiwa amechoka na safari.

Halafu 2013, kuanzia Julai hadi Septemba, akaigiza Celie katika The Color Purple, tamthilia iliyotokana na riwaya ya Alice Walker ya 1982. Ukumbi ulikuwa Menier Chocolate Factory, London. Usidanganywe na jina: ni jengo lililokuwa kiwanda cha chokoleti, na viti vyake havifiki 200. Mwelekezaji John Doyle aliondoa mapambo mengi, akabaki na viti vya mbao na sauti za waigizaji. Watu wakaanza kumzungumzia yule dada anayeimba Celie.

Mwaka uliofuata, 2014, akapata nafasi kubwa katika I Can't Sing!, tamthilia ya vichekesho iliyocheza na shindano la televisheni la The X Factor. Safari hii ukumbi ulikuwa London Palladium, wenye viti zaidi ya 2,200. Jina kubwa, matangazo makubwa, ukumbi mkubwa. Onyesho lilizinduliwa rasmi tarehe 26 Machi. Tarehe 10 Mei likafungwa. Wiki sita na ushei, basi.

Linganisha hizo mbili. Katika ukumbi wa viti 180 hivi alipata kazi iliyomfikisha New York, na katika ule wa viti zaidi ya 2,200 kazi iliisha kabla ya robo ya mwaka kupita. Na lile onyesho la Palladium halikufungwa kwa sababu Erivo hakuimba vizuri. Shoo kama ile ina gharama ya kila wiki: kodi ya ukumbi, mishahara ya waigizaji na wanamuziki, mafundi wa taa na sauti, matangazo. Tiketi zinazouzwa zisipofikia gharama hizo, wenye mtaji wana njia mbili tu, waongeze pesa au wafunge. Ukumbi ukiwa mkubwa, viti vya kujaza ni vingi, na hasara ya kila wiki ni kubwa vile vile. Mwigizaji hana usemi hapo. Anaweza kuwa anapigiwa makofi Jumamosi na kutafuta kazi Jumatatu.

Yeye alifanya nini? Mwaka huo huo wa 2014 alirudi kwenye kumbi ndogo. Akaigiza Dessa Rose katika Trafalgar Studios, kisha akaingia Henry IV ya Shakespeare pale Donmar Warehouse, toleo ambalo waigizaji wote walikuwa wanawake. Hakukaa akingoja ukumbi mwingine mkubwa umwite.

Broadway, na siku ya kuzaliwa

Ile The Color Purple ya ukumbi mdogo ilipelekwa Broadway, New York, na Erivo akaenda nayo. Ilifunguliwa tarehe 10 Desemba 2015 katika ukumbi wa Bernard B. Jacobs. Waliokuwa naye jukwaani ni pamoja na Jennifer Hudson na Danielle Brooks.

Ratiba ya kawaida ya Broadway ni maonyesho manane kwa wiki. Siku nyingine ni mawili, mchana na jioni. Celie ni mhusika ambaye tunamwona akiwa msichana mdogo aliyeonewa, kisha tunafuatana naye miaka mingi mpaka anakuwa mama mwenye biashara yake ya kushona suruali. Kuimba safari hiyo mara nane kwa wiki, wiki baada ya nyingine, kunahitaji nidhamu ya mwanariadha. Unalala mapema, unanyamaza ili koo lipumzike, unakataa mialiko.

Juni 2016 alishinda tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki. Mwaka 2017 kazi hiyo hiyo ikamletea Grammy, pamoja na waigizaji wenzake, kwa albamu ya onyesho, na pia tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana kwa kuimba kwenye televisheni. Tuzo tatu kwa mhusika mmoja.

Hata hivyo, onyesho lilifungwa. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Januari 2017, siku aliyotimiza miaka 30. Tafakari hapo kidogo. Unasherehekea siku ya kuzaliwa, una Tony kabatini, na kesho huna pale pa kuripoti kazini.

Na sasa je?

Baada ya Broadway akaingia filamu: Widows 2018, kisha Harriet 2019, iliyompa nafasi mbili za kuwania Oscar, moja kama mwigizaji na nyingine kwa wimbo. Wicked ikafuata.

Jukwaa hakuliacha. Juni 2025 aliendesha sherehe ya tuzo za Tony pale Radio City Music Hall. Agosti 2025 akaigiza Yesu katika Jesus Christ Superstar pale Hollywood Bowl, Los Angeles, uwanja wa wazi unaobeba watu zaidi ya 17,000, huku Adam Lambert akiwa Yuda. Onyesho lenyewe lilikuwa la siku tatu tu. Pia ilitangazwa Dracula katika ukumbi wa Noël Coward, London, kwa msimu wa kuanzia Februari 2026. Hiyo si tamthilia ya muziki. Ni mtu mmoja jukwaani anayebeba wahusika 23 kwa msaada wa kamera na skrini, chini ya mwelekezaji Kip Williams.

Siku tatu hapa, miezi michache pale. Hata aliyefika kileleni bado anafanya kazi ya msimu. Kilichobadilika ni ukubwa wa hundi na idadi ya wanaompigia simu, lakini mpangilio wa kazi yenyewe ni ule ule wa 2011. Kwa hivyo usingoje "kufika" ndiyo uanze kujipanga.

Tuje nyumbani

Msanii wa jukwaa wa Kenya anaijua hali hii vizuri. Wengi huanzia tamasha la kitaifa la maigizo ya shule. Wengine huzunguka shule za upili na michezo ya vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, kama Kigogo na baadaye Bembea ya Maisha. Hiyo ndiyo "ziara ya Sister Act" yetu: barabara ndefu, shule mbili kwa siku, na wanafunzi wanaojua mistari kukushinda. Kisha kuna Kenya National Theatre, Nairobi, ambapo Mei 2022 Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii uliopigwa marufuku 1977, ulirudi jukwaani kwa Gĩkũyũ na Kiingereza. Watu walijaa. Na onyesho likaisha, kama yote yanavyoisha.

Sasa tuingie kwa hesabu. Huu ni mfano wetu tu, weka nambari zako.

Tuseme umelipwa KSh 60,000 kwa onyesho moja. Mazoezi yalichukua wiki 6, maonyesho yakachukua wiki 2. Watu wengi hugawanya pesa hizo kwa zile wiki 2 za jukwaani na kujiambia, "Napata 30,000 kwa wiki." Mtu anayejiambia hivyo atahama nyumba na kununua simu mpya.

Hesabu ya ukweli ni hii:

1. Toa kwanza kile kazi ilikula. Nauli ya mazoezi, tuseme KSh 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 6. Hiyo ni KSh 6,000. Umebaki na KSh 54,000.
2. Hesabu wiki zote, si za jukwaani peke yake. Mazoezi wiki 6, maonyesho wiki 2, na kama kazi inayofuata ni baada ya wiki 12, jumla ni wiki 20.
3. Gawanya. KSh 54,000 kwa wiki 20 ni KSh 2,700 kwa wiki.

Kutoka 30,000 hadi 2,700. Pesa ni zile zile, ila sasa unaziona zilivyo. Na ukishaona 2,700, unajua mambo mawili papo hapo: kwamba unahitaji kibarua kingine katikati ya misimu, na kwamba bei unayokubali kwa onyesho lijalo lazima ihesabu mazoezi pia.

Jilipe mshahara

Pesa za msimu zikiingia kwa simu zote kwa mpigo, salio linadanganya. Tunashauri hivi.

Tenga laini au akaunti mbili. Moja ni ya kupokea malipo ya kazi, nyingine ni ya matumizi ya nyumbani. Malipo yakiingia kwa ile ya kazi, yaache hapo. Kila Jumatatu jitumie ile hesabu yako ya wiki, kwa mfano wetu KSh 2,700, kwenda laini ya matumizi. Ikiisha Ijumaa, imeisha. Ukiona kila wiki inaisha Jumatano, basi shida si nidhamu, ni kwamba pesa hazitoshi, na hilo linatatuliwa kwa kutafuta kazi nyingine au kupunguza kodi, si kwa kujilaumu.

Angalia ada pia. Kutoa pesa kwa wakala kidogo kidogo mara kumi mara nyingi hukula zaidi kuliko kutoa mara moja. Ukiweza kulipa dukani moja kwa moja kwa simu, usitoe kwanza.

Faida nyingine ya laini ya kazi ni taarifa ya malipo. Siku utakapoomba mkopo wa vifaa, au mtu aulize kama kweli uliwahi kulipwa kwa kazi fulani, unatoa taarifa ya miezi 6 na kila malipo yana tarehe na jina la aliyetuma. Ukichanganya na pesa za unga na za chama, hata wewe mwenyewe utapotea.

Kabla hujasema ndiyo

Shoo zinaweza kufungwa London, zinaweza kufungwa Nairobi. Kwa hivyo uliza mapema, na uombe jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp:

- Je, mazoezi yanalipiwa, au nauli tu?
- Malipo ya awali ni kiasi gani, na yanaingia lini?
- Onyesho likiahirishwa au likifungwa mapema, nalipwa nini?
- Salio linalipwa siku ngapi baada ya onyesho la mwisho, na linatoka kwa jina gani?

Mwandaaji mwenye nia njema hatakasirikia maswali haya. Atakayekasirika amekujibu tayari.

Na wewe mwenye tiketi

Labda wewe si msanii. Unapenda tu kutoka Jumamosi jioni na familia, mkae mtazame kitu kizuri. Una nguvu kuliko unavyodhani. Tumeona kilichofunga onyesho la Palladium: tiketi. Hapa kwetu tuna mazoea ya kununua getini dakika ya mwisho, na mwandaaji anafika Alhamisi bila kujua kama atapata watu 40 au 400. Ukumbi unataka amana, wa sauti anataka malipo ya awali, na waigizaji nao wanataka kula. Tiketi uliyonunua wiki mbili mapema ndiyo inayolipa hayo yote.

Ila kununua mapema kwa simu kunahitaji macho. Pata nambari ya Till au Paybill kutoka ukurasa rasmi wa onyesho au wa ukumbi, si kutoka kwa mtu aliyeandika kwenye maoni kwamba ana tiketi za bei poa. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama onyesho ni la kikundi na jina ni la mtu binafsi usiyemjua, simama, piga simu ukumbini uulize. Ujumbe wa uthibitisho uuhifadhi mpaka urudi nyumbani, maana ndio risiti yako. Na mtu yeyote akikupigia akidai malipo "yamekwama" na anataka PIN ili ayakwamue, huyo ni tapeli, kata simu. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya malipo anayehitaji PIN yako.

Kama wewe ni msanii, chukua daftari leo jioni. Andika malipo ya kazi yako ya mwisho, toa nauli, kisha hesabu wiki zote tangu siku ya kwanza ya mazoezi hadi siku unayotarajia kazi inayofuata. Gawanya. Jibu utakalopata ndilo mshahara wako wa sasa, na Jumatatu ijayo ndiyo siku yako ya kwanza ya kulipwa.